Niru ya Mjomba

Tulikuwa tumetoka kumzika mjomba Shabani, watu wamekaa kwenye mikeka na viti vya kukodi mbele ya nyumba yetu ya Mafiga wakisubiri chakula, nilipomsikia mzee mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Marehemu aliwajengea hawa njia ya gari nzuri sana. Ilikuwa nyekundu, unajiona uso. Tazama walivyoiacha ikaharibika." Mwenzake akaguna, akasema ndivyo walivyo watu wa kupewa, hawajui kutunza. Nilikuwa nimebeba sinia la wali kwa mikono miwili. Namshukuru Mungu lilikuwa sinia la moto, maana kama lingekuwa la baridi ningelimwaga palepale kichwani kwa mtu. Mimi ni mwalimu, nakaribia kustaafu, nimezoea kusikia maneno ya kipuuzi na kuyapita. Hayo sikuweza kuyapita. Niliweka sinia chini, nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama peke yangu karibu na mapipa ya maji mpaka hasira iliponiruhusu kurudi kwa wageni.

Kama hilo halikutosha, jioni yake Faraji, mtoto wa mjomba, alikuja kukaa kati yangu na mama akiwa na simu mkononi. Alitaka kutuonyesha picha. Zilikuwa za nyumba moja huko Dar, uwanja wake umemwagiwa kokoto ndogondogo za rangi zilizochanganywa na gundi, zikasawazishwa, zikaganda pamoja kama kashata. "Inaitwa resini, shangazi," alimwambia mama. "Tunaiweka kiangazi hiki hiki kabla mvua hazijaanza. Tunafunika haya mabaki yote. Iwe kumbukumbu ya mzee." Mama alikuwa anakunywa chai. Aliitazama picha kwa adabu, akasema, "Hapana, baba," akaendelea na chai yake. Faraji akacheka kidogo, akanigeukia mimi. "Dada, msaidie shangazi aelewe." Naandika haya kwa sababu hiyo. Anayehitaji kusaidiwa aelewe si mama.

Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya kumaliza kidato cha nne, nimebaki nyumbani kusubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Nyumba ilikuwa ya bibi, mzazi wa mama na mjomba. Sisi watatu, bibi na mama na mimi, ndio tuliokuwa tukiishi humo. Sebule ilikuwa na sakafu nyekundu ya niru, na atakayesoma haya akiwa hajui niru ni nini, ni uji mzito wa saruji unaopakwa juu ya sakafu na kusuguliwa kwa mwiko mpaka uwe laini na ung'ae. Yetu ilitiwa rangi nyekundu ya unga na tuliipaka polishi kila Ijumaa. Ilikuwa fahari ya nyumba nzima. Mgeni akifika mlangoni alivua viatu bila kuambiwa, hata kama ni mtu wa serikali. Nje, kutoka barazani mpaka barabarani, palikuwa udongo mtupu, na kila asubuhi mama aliufagia kwa fagio la chelewa akiinama kuanzia ngazini, anarudi nyuma nyuma mpaka barabarani, akiacha mistari. Chakula chetu kilikuwa ugali na mchicha wa bustani iliyokuwa kando ya uwanja huo, na ndizi za kupikwa jamaa zetu wa Matombo wakishuka mjini. Tulikula sebuleni juu ya mkeka, mlango wazi, milima tunaiona hapo hapo. Sijawahi kula vizuri kama nilivyokula mwaka ule, na sijawahi kuwa na hasira kama nilizopata mwaka ule.

Mjomba alikuwa na kazi nzuri Dar, na masika ya mwaka ule alikuja na gari lake la kwanza. Lilikwama kwenye uwanja wetu kabla hajazima injini. Majirani walikuja kusukuma, matope yakaruka mpaka kwenye kioo, mjomba yuko ndani na tai yake akipiga kelele "Sukumeni! Sukumeni!" Watu walicheka, ndiyo. Mama alicheka, mimi nilicheka, bibi barazani alicheka mpaka akashika ubavu. Yeye hakucheka. Wakati wa chakula cha usiku siku ile alimega tonge, akalirudisha kwenye sahani, akasema, "Siwezi kuwa mtu ninayeheshimika kule halafu kwetu gari langu linasukumwa kama toroli." Bibi akamwambia aliache gari barabarani atembee hatua chache, udongo haumli mtu. Mjomba akasema hapana, kiangazi kikifika atajenga njia ya gari. Na itakuwa nyekundu, ya niru, kama hapa ndani. Nakumbuka bibi alivyoinua mikono kushangilia. Mama alishangilia pia. Hakuna aliyesema neno la kupinga, na sitajifanya leo kwamba kulikuwa na mwenye hekima kati yetu. Niru ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo, na sasa tungekuwa nayo mpaka nje.

Kiangazi kilipofika fundi alikuja na watu wake. Walichimba, wakamwaga kifusi, wakashindilia, wakamwaga zege, na bustani ya mchicha ikaenda na kifusi kwa sababu mjomba alitaka njia pana, gari liweze kugeuka. Fundi mwenyewe alikuwa hajawahi kupaka niru njia ya gari. Alifurahi kuliko mwenye nyumba. Alisugua akiwa amepiga magoti, anaimba, akimaliza kipande anarudi nyuma anakitazama kichwa upande. Watu wa mtaa walikuja kuangalia. Anga ilikuwa kavu, milima imefunikwa na moshi wa mashamba yanayochomwa, vumbi kila mahali, na kwa siku zile nani angekumbuka mvua? Kiangazi humfanya kila mtu ajione mhandisi. Mjomba alikuja kukagua mara moja, akapita juu yake kwa soksi, viatu mkononi. Akatuambia pale pale, "Hapa ni sebule. Viatu pembeni. Sitaki kuona alama ya kiatu juu ya niru yangu." Kwamba gari lenye matairi lingepita hapo halikumpitia kichwani. Kwa gari alikuwa na msamaha.

Baada ya hapo yeye akarudi Dar, na sisi tukabaki na njia. Saruji mbichi inataka maji, na mwezi ule bomba la mtaani lilikuwa likitoa maji linapojisikia. Mama na mimi tulipanga foleni, tukabeba ndoo kichwani, tukaja kuyamwaga juu ya zege, asubuhi na jioni, wakati miche yetu michache ya mchicha iliyosalia ilikuwa inakauka tukiiona. Zege lilipokomaa ikaanza kazi ya polishi. Tulipiga magoti kila mmoja na kumbi lake la nazi, tukasugua kutoka ngazini mpaka barabarani, na vumbi la barabara lilikuwa linatua nyuma yetu kabla hatujafika mwisho. Majani ya miti ya jirani yaliacha madoa. Kuku waliacha walichoacha. Mjomba alipiga simu dukani kwa jirani, naitwa mbio, nadhani kuna jambo, kumbe anauliza, "Inang'aa?" Namwambia inang'aa, mjomba. "Msiiache. Kitu kizuri ni matunzo." Basi watu waliokuwa wakitutembelea wakawa wanavua ndala barabarani kabisa, wanazibeba, wanatembea pekupeku mpaka barazani kama wanaingia msikitini. Wauza mboga waliacha kuja. Walikuwa hawajui waweke wapi miguu. Bibi peke yake ndiye aliyeiona kuwa raha. Alikuwa akishuka ngazi taratibu jua likiwa limeipasha njia moto, anavua ndala zake, anatembea juu ya niru ya mwanawe, anarudi, anasema miguu imepata dawa.

Nikiwasikia leo watu wakisema haikutunzwa, napenda niwaulize magoti ya nani yalisugua. Mama mpaka leo akiinuka anashika ukuta. Nilisema nitamsaidia Faraji aelewe, basi na hili alisikie: kwa desturi yetu Waluguru ukoo unatoka kwa mama. Mimi ni wa ukoo wa uwanja huu kwa sababu mama yangu ni wa hapa na bibi yangu ni wa hapa. Faraji, nampenda kama ndugu, ni wa ukoo wa mama yake. Uwanja huu anautembelea. Lakini mjomba ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukoo, na msimamizi akiwa na gari na tai, watu husahau kwamba kusimamia si kumiliki. Hapo ndipo tulipoumizwa.

Vuli ilikuwa bado haijaanza rasmi. Mjomba alipiga simu kwamba Jumamosi atapita na wakubwa wake wa kazini, wanakwenda Dodoma, watasimama kunywa chai, kwa hiyo njia ioshwe na ipakwe polishi nzito. Tuliiosha. Tuliipaka. Mama alikaanga maandazi alfajiri, akachemsha chai ya maziwa na tangawizi, akatandika kitambaa kipya mezani. Asubuhi ile wingu lilikuwa limeshuka milimani mpaka chini, yale manyunyu membamba ambayo huyasikii juu ya bati, unashtukia tu nguo zimelowa. Honi ikalia. Bibi ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Alijifunga kanga vizuri, akashuka ngazi kwenda kumpokea mwanawe, na alipofika kwenye niru akasimama, akavua ndala, akaziweka pembeni zikiwa zimeelekeana, kama alivyoambiwa. Hakufika hatua ya tatu. Nilikuwa mlangoni na birika. Alianguka kwa ubavu, na sauti yake haikuwa kelele, ilikuwa kama mtu aliyeulizwa jambo asilolijua. Mama alimfikia akiwa anateleza naye, anatambaa. Wakubwa wa mjomba walibaki ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Mjomba alishuka, akasimama juu ya mama yake aliyelala chini, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani ameacha maji hapa?" Manyunyu yalikuwa yanamdondokea kwenye miwani wakati anauliza hivyo. Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile na nimesikia mengi, na sijasikia swali lililonikera kama lile.

Nyonga ya bibi ilikuwa imevunjika. Alikaa hospitali, wakamrudisha, na chumba chake cha uani kikawa ndio dunia yake: kitanda, dirisha moja linaloangalia nyuma ya nyumba, kopo la maji, redio ndogo. Mama alimgeuza, alimwosha, alimpaka mafuta mgongoni asitoke vidonda, alimlisha uji wa mchele kwa kijiko. Mjomba akaleta habari kwamba atamchukua Dar. Kule kuna msichana wa kazi, na nyumba iko ghorofani, kuna hewa. Bibi alisema wazi mbele yangu, "Nisifie hewani. Nataka kufia kwenye ardhi yangu, mwanangu huyu akiwa ananishika." Alimshika mama mkono kwa nguvu aliposema hivyo. Mjomba alisema bibi hawezi kuachwa kwa mtu mzembe aliyemwagia maji njia wakati anajua mzee atapita. Aliita kikao cha ukoo. Ikawa wazi kwamba mama akikutwa na kosa, bibi anaondoka.

Wazee walishuka kutoka Matombo wakiongozwa na babu Salumu, kaka yake bibi, mkubwa wa wote. Walikuja na mikungu ya ndizi. Waliingia sebuleni, wakavua viatu, wakala. Naomba msomaji alitazame hilo: wazee walikula kuku wa mama, wakanywa chai ya mama, mama aliwanawisha mikono mmoja mmoja, halafu wakafuta midomo na kuanza kumhukumu. Mimi nilikuwa jikoni, mlango uko wazi nusu, nasikia kila neno. Mjomba alieleza. Alieleza vizuri sana, alikuwa mtu wa mikutano. Gharama aliyoingia, nia yake njema, mama yake mzazi. Kisha akasema, "Njia haina kosa. Kosa ni la anayeitunza." Babu Salumu akamuuliza mama kama ni kweli aliipaka polishi. Mama akajibu ndiyo, aliagizwa na kaka. Mjomba akasema aliagiza ing'ae, hakuagiza iteleze. Kuna wazee walitikisa vichwa kukubali! Nikatoka jikoni na jagi la maji mkononi, nikasema, "Shikamooni wazee. Kila anayepita pale anavua viatu kwa amri ya mjomba. Bibi aliteleza kwa sababu alikuwa pekupeku na mvua inanyesha. Mjomba alikuwepo, aliiona hiyo mvua." Babu Salumu hakunitazama hata usoni. "Maji yamekuja, mjukuu wangu, asante. Rudi jikoni."

Hapo ndipo sauti ya bibi ilipotoka chumbani. Ukuta wetu ni mwembamba na alikuwa na kifua kizuri bado. "Salumu! Nilivua ndala kwa sababu Shabani alisema niru isikanyagwe. Mwanangu wa kike hana kosa. Unanisikia?" Wazee waligeuza vichwa kuelekea chumbani. Nikadhani tumeshinda. Shahidi alikuwa yeye aliyevunjika, nani angempita? Babu Salumu akakohoa, akasema kwa upole, "Dada yetu ana maumivu makali. Maumivu husema mengi. Tuendelee." Wakaendelea. Nilisimama mlangoni na lile jagi sijui nilipeleke wapi. Kama kuna siku niliyojifunza kwamba watu wanaweza kusikia na wakakubaliana kutosikia, ni siku hiyo, na nimewafundisha watoto wa shule kwa hasira hiyo mpaka leo: mwenzako akisema, jibu alichosema.

Uamuzi ulikuja. Mama akikiri uzembe na kumwomba kaka yake msamaha mbele ya ukoo, basi mambo yamekwisha na bibi atabaki. Akikataa, gari lipo nje, bibi ataondoka nalo jioni ile. Na isifanyike ndani, mjomba alisema, ifanyike pale pale kosa lilipotokea. Wakatoka wote, wakajipanga barazani. Mama alishuka ngazi. Alivua ndala, ndiyo, hata siku hiyo, akapiga magoti kwenye niru, akainamisha kichwa. Majirani walikuwa kwenye uzio. Nilimsikia akisema, "Kaka, nilikosa. Nisamehe." Mjomba akamgusa bega, akasema yameisha, dada, sisi ni ndugu. Wazee wakasema alhamdulillahi. Nilimchukia mjomba, niliwachukia wazee na ndizi zao, na kwa saa kadhaa, lazima niseme, nilimkasirikia hata mama kwa kukubali.

Magari na wageni walipoondoka mama alipasha uji, akaingia nao kwa bibi. Nilimfuata na kitambaa cha kumfuta mdomo. Bibi alikuwa amegeuza uso ukutani. "Umeomba msamaha," alisema. "Umeomba msamaha kwa kosa gani? Niambie, maana mimi niliyevunjika silijui." Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, akakoroga uji, akaupuliza. "Nimeomba ili ulale hapa, mama," akasema. "Ingekuwa kwa kosa nisingepiga magoti." Bibi aligeuza uso, akafungua mdomo, mama akamlisha kijiko cha kwanza, na cha pili, mpaka bakuli likaisha. Mimi nilikwenda kulia uani.

Asubuhi iliyofuata mama hakufagia wala kupaka polishi. Alikwenda kwa jirani aliyekuwa fundi, akarudi na nyundo na tindo, akatandika kanga kuukuu upande wa barabarani, akakaa chini miguu ameinyoosha, akaanza kuipiga niru ya kaka yake. Alipiga kwa utaratibu, tundu karibu na tundu, ngozi yote ile ya kung'aa ikawa inaruka vipande na chini yake zege linatokea, kavu, la kushika mguu. Majirani walisimama kumtazama. Niliingia chumbani kumgeuza bibi upande wa pili. "Nani anagonga?" aliniuliza. Nikamwambia ni mama, anaichuna njia ya mjomba isiteleze tena, ameanzia kule barabarani. Bibi alisikiliza mapigo kadhaa, macho kwenye dari.

"Mwambie aanzie pale nilipoangukia," alisema.

Nikatoka nikamwambia. Mama aliinuka, akabeba kanga yake na vyuma vyake, akaja mpaka chini ya ngazi, akakaa, akaweka tindo kwenye niru, akainua nyundo.